Prosesa Mbili na Masikio ya Mjomba

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imeanza, na leo nimewaonyesha watu wa nyumba hii kwamba sikusomea kompyuta ili cheti kikae ukutani kikusanye vumbi.

Laptopu ya Mjomba ilikufa wiki hii. Ilizimika katikati ya maneno ya shahidi, haikuwaka tena. Mjomba ni mnukuzi wa mahakama: anasikiliza rekodi za kesi na kuzipiga chapa neno kwa neno. Macho yake yalizimika kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo kompyuta humsomea kwa sauti kila anachokiandika. Sikio la kushoto hulitia kisikilizi cha rekodi, la kulia huliacha wazi limsikilize yule mwanamke wa ndani ya kompyuta, ambaye sisi sote tunamwita Karani. Kwa masikio hayo mawili ametulea mimi na mwanawe, binamu yangu.

Sasa ukumbi wa wanukuzi unaezekwa upya, na kila mmoja kaambiwa afanyie kazi nyumbani kwa mashine yake mpaka mvua ziishe. Mkuu mpya wa kitengo, mama wa maneno machache, amewaambia waziwazi: mvua zikiisha atabakiza nusu ya watu, na atatazama nani amemaliza rekodi zake na nani amekosea kidogo. Mjomba alitusimulia hayo huku anacheka, halafu akaacha kucheka. "Wakinitoa pale," alisema, "nitakaa kwenye kiti hiki nisubiri kuitwa kula."

Basi tukaenda dukani, mimi, yeye na binamu. Zilikuwa laptopu mbili, ukubwa mmoja, bei zimepishana kidogo tu. Ya kijivu ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kore nane, vitengo vinane vya kufikiria, ndogo, haili umeme, inapoa yenyewe bila feni. Nyeusi ina prosesa ya kore kumi na nne na feni mbili. Muuzaji hakuwa na msaada wowote: "Zote nzuri, dada, ni wewe tu." Nikaziweka sambamba juu ya meza yake, nikaendesha programu ya kupima kasi. Nyeusi ilipata alama karibu mara mbili ya mwenzake. Mara mbili! Kwa tofauti ya bei isiyofika hata nauli ya mwezi!

Binamu, ambaye kazi yake ni kuoka mikate na hajui hata kubadilisha picha ya simu yake, akasema, "Mimi naona hii ndogo inamtosha baba. Yeye anaandika tu, harushi roketi."

"Wewe kaa na unga wako," nikamwambia. Muuzaji akacheka, wateja wakacheka. Sisi ni mabinamu, utani ni haki yetu, lakini nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, duka ni jembamba. Alitaka tuitie programu yake kwenye zote mbili, amsikie Karani. Nikamwambia programu hiyo ni kitu kidogo, haipimi chochote, prosesa yoyote itaiendesha. Zaidi ya hapo, angesikia nini? Duka la jirani lilikuwa linapiga spika hadi meza inatetemeka.

"Haya, Injinia," Mjomba akasema. "Wewe ndiye macho yangu."

Tumenunua nyeusi.

Jumatatu, 3 Machi

Karani anakimbia siku hizi kama anakimbizwa na mbwa. Mjomba kauliza kanywa nini. Nimevimba kichwa, na sioni ubaya kuliandika hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua mfululizo. Nimerudi kazini, nikamkuta Mjomba kainamisha kichwa karibu na mashine, kama mtu anayenusa chungu.

"Mama," akaniita, maana tangu utotoni ananiita mama, "kuna kitu kinapuliza humu."

"Ni feni, Mjomba. Mashine yenye nguvu inapata joto, lazima ipumue."

"Inapumua sana."

"Utaizoea."

Jumapili, 9 Machi

Mvua juu ya bati, feni chini yake, na Mjomba katikati. Leo alimrudisha shahidi mmoja nyuma mara nyingi mno, mpaka na mimi jikoni nikayakariri maneno ya yule shahidi. Nilikuwa nakata vitunguu na kusema naye pamoja: "Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, mheshimiwa." Nikacheka. Mjomba hakucheka.

Jumatano, 12 Machi

Ameongeza sauti ya Karani. Sasa jirani naye anajua kesi yote.

Nimemshauri avae visikilizi vizito masikio yote mawili, Karani na shahidi wazungumzie humo humo. Amejaribu. Baada ya muda mfupi amevivua, kashika kichwa. "Wananisemesha wawili kwa pamoja, mama. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, sasa wanagombania mmoja." Nikasema ni suala la mazoezi. Nasema hivyo kila nisipokuwa na jibu, nimeanza kujijua.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimefanya kitu. Binamu alimpeleka baba yake kunyoa, nikabaki peke yangu na nyeusi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaibana prosesa: nikaipunguzia umeme, nikapunguza tena, nikapunguza mpaka feni zikanyamaza zote mbili. Chumba kikawa kimya kama darasa la likizo.

Waliporudi Mjomba alisimama mlangoni, akainua kidevu. "Upepo umeondoka!"

"Nimetengeneza feni," nikasema.

Nilisema hivyo hivyo, kwa kinywa changu. Ningeweza kusema, "Nimeipunguza nguvu." Lakini binamu alikuwepo, kashika kofia ya baba yake, na mimi nilishamwambia akae na unga wake mbele ya watu. Nikasema nimetengeneza feni.

Alhamisi, 20 Machi

Mjomba anawasimulia wageni jinsi mpwa wake alivyotengeneza feni bila hata bisibisi. Wananisifu. Nimeitikia.

Alhamisi, 27 Machi

Karani amechelewa. Mjomba anaandika neno, anangoja, halafu neno linasomwa. Si kuchelewa kukubwa, mtu mwenye macho asingekugundua. Lakini Mjomba huandika kama anavyozungumza, na sasa anazungumza na mtu mwenye kigugumizi. Akidhani neno halikuingia, analiandika tena, kisha Karani anamsomea yote mawili.

"Vidole vyangu vimekuwa vizito," amesema leo wakati wa chakula.

Nikamwongezea mchuzi.

Jumatano, 2 Aprili

Mkuu wa kitengo amerudisha kurasa za Mjomba. Maneno yamerudiwa, mengine yamerukwa, jina la shahidi limeandikwa namna tatu tofauti. Mjomba hajawahi kurudishiwa kazi. Ameniomba nimsomee barua pepe ya mkuu polepole, nami nikaisoma. Mwishoni mkuu ameandika kwamba anaelewa umri una mambo yake.

"Umri!" Mjomba akasema. "Mimi?" Akasogeza kiti karibu. "Soma tena hapo pa mwisho."

Nikasoma tena. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Sijui nilijifunzia wapi uso mkavu namna hii.

Jumamosi, 5 Aprili

Kazini kwetu mhasibu ana laptopu ya kijivu ile ile, kore nane, bila feni. Leo ofisi ilikuwa tupu, nikaiazima. Nikaitia programu ya Mjomba na rekodi ndefu, nikafumba macho, nikaandika kama anavyoandika yeye. Karani alisoma papo hapo. Kimya kabisa. Nikaendelea mpaka mashine ikapata uvuguvugu kidogo chini, na haikubadilika.

Halafu nikaipima kwa alama, nikalinganisha na nyeusi jinsi ilivyo sasa, yaani nyeusi niliyoibana. Kijivu imeishinda, na haikuishinda kidogo.

Niandike wazi niuone ujinga wangu. Nyeusi ikiachiwa ina nguvu maradufu, lakini inanguruma. Ikinyamazishwa, ni dhaifu kuliko ile tuliyoiacha dukani. Na Mjomba hahitaji kore kumi na nne. Karani hutumia moja, labda mbili, anachotaka ni wepesi wa hiyo moja na chumba kisichopuliza. Nilimpimia mashine kwa macho, mtu anayefanya kazi kwa masikio! Nikampimia kwenye duka lenye spika! Yeye mwenyewe aliomba kusikiliza, nikamzuia. Kama kuna mtu mwingine aliyekosea hapa, simwoni.

Nitamwambia kesho.

Jumapili, 6 Aprili

Binamu kaleta mkate wa moto, Mjomba alikuwa na furaha. Sikutaka kumharibia siku.

Jumanne, 8 Aprili

Sijasema.

Jumapili, 13 Aprili

Maji yamenifika shingoni na nimejimwagia mengine.

Nilidhani nimepata dawa: nitaifungulia nyeusi nguvu zake kidogo kidogo, Karani awe mwepesi, na feni zisisikike sana. Nikafanya hivyo asubuhi Mjomba akiwa anaoga. Alipokaa kazini feni zilikuwa zimenyamaza. Baadaye mashine ikapata joto, zikaanza. Hazikuwa kubwa kama zamani, ni mvumo tu.

Mjomba akaacha kuandika. Akatoa kisikilizi. Akageuza kichwa huku na huku.

"Mama, unasikia mvumo?"

Binamu alikuwa chumbani kwake, amelala, zamu yake huwa ya alfajiri. Tulikuwa wawili tu.

"Mvumo gani?" nikauliza.

"Kama ile feni. Lakini feni si uliitengeneza?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa pana, mlango wazi, mtu mwenyewe ananiuliza kwa upole. Nikasema, "Niliitengeneza."

Akafunika sikio la kulia kwa kiganja, akalifunua, akalifunika tena.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni sikio."

Nilikimbilia msalani nikakaa humo. Alipokwenda kulala mchana nikaibana prosesa kama mwanzo, feni zikanyamaza. Jioni akasema mvumo umeondoka, akashukuru Mungu. Nikaitikia amina. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumanne, 15 Aprili

Binamu amenivuta jikoni. "Umemwona baba? Anajipima. Nimemkuta anasugua vidole karibu na sikio, anasikiliza. Akinisikia naingia anaacha."

"Ni uchovu," nikasema.

"Wewe na uchovu wako. Mtu kashapoteza macho, sasa anaogopa masikio yanafuata. Nimempatia miadi kwa daktari wa masikio. Mimi siku hiyo niko zamu, utampeleka wewe."

Nikasema nitampeleka.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Mjomba hakufanya kazi leo. Alisema anayapumzisha masikio.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeandika ujumbe mrefu kwa simu nimtumie binamu, yeye amwambie. Nimeufuta. Sina hata haya ya kutosha kunisukuma niseme, ninayo ya kunilaza macho tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote, hata yale ambayo ningependa yasahaulike.

Tulitoka mapema. Mjomba alivaa shati lake jeupe, lile la mahakamani, kama vile masikio yake yanakwenda kutoa ushahidi. Njiani alikuwa kanishika kiwiko, ananiambia mambo aliyokuwa hajawahi kuniambia. Kwamba macho yalipoondoka alikuwa kijana, alikaa ndani mwaka mzima na hakutaka kusemeshwa. Kwamba dada yake, yaani mama yangu, ndiye aliyemletea redio ndogo akamwambia, "Basi sikiliza." Akaanza kusikiliza, akapata kazi, akapata mke, akapata sisi. "Nikiondokewa na haya pia," akasema, akigusa sikio, "sijui utaniletea nini."

Nilisema, "Usiseme hivyo, Mjomba." Ndilo neno nililokuwa nalo. Tulipita geti, tukapita wauza matunda, tukapita benchi ambalo tungeweza kukaa nikamwambia. Nililiona benchi. Nikalipita.

Chumba cha kungojea kilijaa. Kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mwenye usaha masikioni, na mzee aliyekuwa anazungumza kwa sauti kubwa bila kujua. Kila mara yule mzee alipoongea, Mjomba alimgeukia, na nikajua anawaza nini. Alikuwa anajiona pale.

Daktari alikuwa msichana, labda ananizidi mwaka mmoja. Alimwita "baba", akamshika mkono vizuri, akamkalisha kwenye kile chumba kidogo chenye kuta za sponji. Mimi nilibaki nje ya kioo. Mjomba akavaa visikilizi, akapewa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Nilimwona uso. Alikuwa kakaza kama mtoto anayefanya mtihani wa mwisho, kidole juu ya kitufe, midomo imebana. Akabonyeza, akabonyeza. Kuna wakati alikaa muda bila kubonyeza, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akabonyeza. Daktari alikuwa anapunguza mlio mpaka mimi niliamini hakuna tena kitu, na Mjomba bado anabonyeza.

Daktari akafungua mlango. Alikuwa anatabasamu. "Baba, mimi mwenyewe nisingesikia huo wa mwisho. Una masikio ya kijana. Na huo mvumo uliouelezea sio wa sikio, wa sikio hauji na kwenda na saa za kazi. Ukiwa kazini unakaa karibu na kitu gani?"

Mjomba alikaa pale pale kwenye kiti, visikilizi viko shingoni. Nilingoja afurahi. Sikuelewa kwa nini hafurahi. Halafu akageuza uso, akauleta hasa niliposimama, ingawa sikuwa nimetoa sauti yoyote.

"Ile feni," akasema. "Uliitengeneza?"

Daktari akanitazama. Hapakuwa na pa kukimbilia, na sitajisingizia kwamba nilisema kwa sababu ya ujasiri.

"Hapana, Mjomba. Niliibana mashine. Niliipunguza nguvu ili inyamaze. Ndiyo sababu Karani anachelewa. Siku ile ya mvumo nilikuwa nimeifungulia. Zilikuwa feni."

"Uliusikia."

"Niliusikia."

"Nilikuuliza, ukausikia."

"Ndiyo."

Akavua visikilizi taratibu, akavikunja waya, akampa daktari na kumshukuru kwa jina la kazi yake. Nikasogea nimpe kiwiko. Akainua mkono kunizuia, bila ukali, kama unavyomzuia mtu asiyekufahamu anayetaka kukusaidia barabarani. Akatafuta ukuta, akatoka akiushika. Pale mapokezi akaomba wamwitie teksi, akakaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma. Dereva alizungumza habari za mvua peke yake mpaka tukafika.

Nilitamani barabara ipasuke initie ndani na kiti changu.

Ijumaa, 25 Aprili

Binamu amejua. Nilijiandaa kutukanwa, niliutaka sana huo utani wake mbaya, ule wa kunisema mpaka nilie. Amenisalimu. "Hujambo?" Amenisalimu kama mgeni aliyekuja kusoma mita.

Jumatatu, 28 Aprili

Niliomba ruhusa kazini, nikaibeba nyeusi hadi dukani. Muuzaji hakutaka kuirudisha, nikamwambia sitaki kurudisha, nataka kubadilisha na ile ya kijivu, na tofauti abaki nayo. Akaniuliza kama ina tatizo. Nikasema haina tatizo, ni nzuri kwa mtu mwingine, tatizo ni mchaguzi. Akasema ataitoa ile ya kijivu, lakini mwenyewe aje aijaribu nisije nikarudi tena.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mjomba kupitia mlango. Akaita, "Baba!" Ndivyo anavyomwita mwanawe. "Nipeleke dukani."

Nikawafuata nyuma, hatua kadhaa. Safari hii Mjomba hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka mezani, akamwomba muuzaji afunge mlango na amwombe jirani azime spika kidogo. Muuzaji akaona mzee hana mchezo, akaenda. Duka likatulia. Mjomba akaweka sikio juu ya kijivu, kwenye vitufe kabisa, akakaa hivyo. Kisha akaomba rekodi, akaandika, Karani akasoma. Akaandika haraka zaidi, Karani naye. Alikuwa anaandika maneno ya yule shahidi wa mlangoni, nayajua kwa moyo.

"Hii," akasema. "Hii inajua kunyamaza."

Hakuna aliyenitazama. Kwenye mfuko nilikuwa na jedwali langu la alama za mashine zile mbili, la mwezi wa tatu. Nililichana njiani.

Ijumaa, 2 Mei

Mjomba anafanya kazi tangu asubuhi mpaka magharibi. Hajakosea jina hata moja, nimesikia Karani akimsomea kurasa nzima. Lakini rekodi zilizobaki ni nyingi, na muda aliopoteza ni mwezi na zaidi. Kila mtu nyumbani anajua hesabu hiyo, hakuna anayeitamka.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimekwenda kwa mkuu wa kitengo bila kumwambia mtu. Ofisi yake ina harufu ya rangi mbichi, ukumbi umeshaezekwa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: prosesa, feni, jinsi nilivyoibana, jinsi nilivyonyamaza. Nikamwambia kurasa alizozirudisha ni zangu mimi, si za Mjomba, na kwamba umri hauhusiki.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ile habari ya umri ataifuta.

"Ungekuja mwezi uliopita," akasema, "ningempa mashine ya ofisi siku ile ile. Zilikuwepo kabatini."

Zilikuwepo kabatini!

"Paa limekwisha mapema, na majina ya watakaobaki yamekwenda," akaendelea. "Nimeyatia saini juzi. Sitayarudisha, kwa sababu ya kumweka yeye lazima nimtoe mtu aliyemaliza kazi yake vizuri." Akafikiri. "Nitamwandika wa akiba. Mtu akiugua au akienda likizo, nitamwita."

"Ataitwa?"

"Mtu akiugua," akasema, akafungua faili jingine.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia Mjomba mwenyewe, uso kwa uso, binamu akiwepo. Sikupunguza neno, hata la kabatini. Mjomba aliuliza kitu kimoja tu: kama mkuu amefuta ile habari ya umri. Nikasema amesema ataifuta.

"Hilo ni zuri," akasema. Akaenda kwenye kiti chake akakaa, na hakukuwa na rekodi yoyote ya kusikiliza.

Jumatano, 14 Mei

Amekaa.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zinapungua. Binamu kanitania leo, kidogo, kuhusu nywele zangu. Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba. Mtu mzima ovyo.

Jumanne, 27 Mei

Simu ililia wakati wa chakula, Mjomba akaangusha kijiko kuikimbilia. Alikuwa muuza vifurushi vya intaneti. Alimjibu kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho, akarudi mezani. Tukaendelea kula.

Jumatatu, 9 Juni

Ameitwa! Mnukuzi mmoja amejifungua, Mjomba atashika nafasi yake mpaka arudi. Alinyoa ndevu asubuhi ingawa mkuu kamruhusu afanyie kazi hapa hapa nyumbani. Binamu alileta mikate mingi kama ya harusi.

Mchana nilimpelekea chai. Hakuna mvua, hakuna feni, jirani hajawasha kitu. Karani alikuwa anamsomea kwa sauti ya chini, Mjomba anaandika bila kusita, mgongo umenyooka. Nikasimama pale nikimsikiliza. Nikajisahau, nikadhani tumerudi tulipokuwa.

"Mjomba," nikasema, "inasikika vizuri?"

Akasimamisha rekodi. Akatoa kisikilizi.

"Inasikika. Kaa."

Nikakaa.

"Ya mashine yalikwisha siku ile ile, mama. Mtu yeyote hununua kitu kibaya, hata mimi nilishanunua. Na kazi, kazi inakuja na kwenda." Alizungumza taratibu, kama anayeagiza kitu apikiwe. "Lakini uliniacha niende nikiyapima masikio yangu kwa vidole. Ukanishika kiwiko ukanipeleka. Hilo nimejaribu kulisamehe, halijatoka. Likitoka nitakwambia, usiwe unaniuliza."

"Ndiyo, Mjomba."

Akarudisha kisikilizi sikioni, akaendelea na shahidi wake.